Kisu cha Mwenyewe

Hombolo, saa nne. Umeme umerudi, jokofu linakoroma.
Ndahani ameleta viwavi hamsini katika kopo la siagi,
wameokotwa alfajiri shambani kwa mama yangu,
kwenye mtama ulioanza tu kubeba mimba.

"Waue wote," alisema mama, "usiniletee hesabu."
Mimi hesabu ndiyo niliyosomea.

Nusu tuliwapa jani tupu.
Nusu, jani lililopakwa vumbi jeupe:
bakteria wa udongoni, asiye jino wala mguu,
aliyebeba fuwele mwilini
kama mtu aliyeshonea barua kwenye pindo.

Fuwele hiyo, mama, ni kisu ndani ya ala.
Ukiimeza wewe itakupita kama punje ya ulezi;
tumbo lako ni chachu, halijui kuifumua.
Tumbo la kiwavi ni chungu cha mlenda
uliozidi magadi.
Humo fuwele hulainika. Kisha vimeng'enya vyake,
vilevile vinavyolikata jani liwe mwili,
huukata uzi wa ala, kwa bidii ya kila siku,
na kisu hutoka uchi.

Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa anakula tu.

Saa tisa tunasoma mirija.
Ya waliokula jani tupu imekolea
njano ya kiini cha yai la kienyeji.
Ya wale wengine: maji yaliyosuuza mchele.
Vimeng'enya vimeishiwa nguvu.
Ndahani anaandika, mkono unamtetemeka,
si huruma, hajanywa chai tangu asubuhi.

Chini ya darubini ukuta wa utumbo umetoboka
kama gunia walilolisahau watu, panya wakalikumbuka.
Na kiwavi wa thelathini na moja bado ana jani kinywani.
Hamezi. Hatemi.
Amelishika kama bibi alivyoshika,
msimu ule mvua ilipoishia Kilosa,
mbegu za uwele ndani ya ngumi.
"Hizi si za kula," alisema.
Tulimfungua vidole siku ya pili,
tukazipanda.

Jioni simu inaita.
"Wamekufa?"
"Wanakufa, mama. Polepole."
"Kwa sumu?"
"Kwa sumu. Na kwa njaa. Chakula wanacho mdomoni,
hakiwafai kitu."

Upepo unapiga bati upande wake, halafu upande wangu.
Nasikia akihamisha simu sikio.

"Basi," anasema, "nao wameijua."