Nishike ama Niuze

Wenzangu wa Kibokoni, nataka yenu shauri,
Nina hisa mkobani, zimelala kama siri,
Za Kanada ugenini, kaniwachia Nasiri;
Nipani jibu la kheri, nishike ama niuze?

Alikuwa ni mpishi wa meli za kwenda mbali,
Kanada akenda ishi, miaka minne kamili,
Mshahara hautoshi, akanunua za reli;
Leo zimekuwa mali, nishike ama niuze?

“Meli,” kasema, “huzama, reli haijui wimbi.”
Vyeti akavitazama, akavipangusa vumbi:
“Dhiki ikikusakama, kuziuza siyo dhambi.”
Hii dhiki, ama vumbi? Nishike ama niuze?

Kila miezi mitatu hulipwa gawio langu,
Lanunua pishi tatu za mchele, nazi zangu,
Nikila, nasema, “Mtu huyu bado mume wangu.”
Hapo ndipo pa uchungu, nishike ama niuze?

Paa langu linavuja, mabati yote ni kutu,
Na masika nayo yaja, ndoo zangu ziko tatu,
Fundi naye hatangoja, ana kazi kwa mwenzetu;
Natizama dari yetu, nishike ama niuze?

Soko lao lafunguka kwetu ikiwa jioni,
Swala ikisha salika, simu iko mapajani,
Kijani, nachekacheka; nyekundu, ni taabani;
Wali waungua ndani, nishike ama niuze?

Kanada sijaiona, theluji ni ya frijini,
Lakini kila mchana nauliza hewa gani,
Ikiganda sana sana, gari litafika lini?
Jasho lashuka shingoni, nishike ama niuze?

Nimempigia Twaha, mpwa wangu wa Toronto,
Kanambia kwa furaha, “Hisa zetu ni za moto!
Kuuza sasa mzaha, kama kutupa mtoto.”
Kwao nyumba zina joto; nishike ama niuze?

Nikenda kwake Damji, mhasibu pale Digo,
Kanikaribisha maji, kashika penseli ndogo,
“Gawio lote haliji, kodi yang'ata kidogo.
Uza nusu, tua zigo.” Nishike ama niuze?

Ustadhi Shee kasita, kaniuliza la haki:
“Mabehewa yakipita, ni ngano ama ni wiski?”
Jawabu nalitafuta, hadi leo silishiki;
Ikazidi yangu dhiki, nishike ama niuze?

Wa chama wakanicheka, Mwanamize kanambia,
“Karatasi zachanika, bangili hizi, sikia!”
Mkono akautweka, dhahabu zikamlia;
Tamaa ikaningia, nishike ama niuze?

Kijana wa tai, koti, kanifuata sokoni:
“Nipe vyote hivyo vyeti, dola mara mbili Juni!”
Kumuuliza kwa hati, kayeyuka msongoni;
Nikabaki na mizani, nishike ama niuze?

Rajabu ilipopanda, nilisema, “Sitauza!”
Shaabani ikakonda, usiku kucha nawaza,
Ramadhani kama kinda, yaruka na kuteleza;
Moyo wangu wanibeza, nishike ama niuze?

Siku moja nageuza vyeti, nyuma nikaona
Penseli yajififiza, mwandiko wake bayana:
“Mabati,” ameagiza, “arubaini, mapana.”
Na misumari kanena; hakuandika, “Uuze.”

Nauza arubaini: hisa moja, bati moja.
Nyundo yalia juuni, na jirani wanakuja,
Zilobaki mkobani zitalala zikingoja;
Kila mtu ana hoja: “Azishike!” “Aziuze!”

Jana mvua menyesha, ndoo zimekaa kavu.
Twaha kanifahamisha, bei imepata nguvu.
Kidogo ulinichosha, siwafichi, huo wivu.
Lakini dari si bovu. Zilobaki, niziuze?