Simbilisi Wawili, Julai

Musembi, tangu urudi bweni
jua halijapanda ngazi za nyumba hii.
Wingu limelala juu ya Kahawa Magharibi
kama blanketi bichi lisilokauka,
na simiti ya ghorofa ya tatu
inauma nyayo hata ndani ya soksi.

Karatasi yako ingali ukutani:
Baba, usiwaweke karibu na dirisha.
Baba, usiwape kabichi nyingi.
Baba, usiwashe jiko la makaa ndani.
Mara tatu umeniita, mara tatu umenikataza.
Nilicheka. Mimi niliyelala na mbuzi Kitui
leo nafundishwa kulea panya wasio na mkia!

Basi. Boksi nimeliondoa sakafuni,
liko juu ya stuli mbili.
Nimewashonea shuka la mabaki:
koti la mwalimu, sare ya bawabu,
kipande cha gauni la harusi
ambalo mwenyewe hajarudi kulichukua.
Pindo analalia hariri, hana habari.
Kifungo ameshatafuna kola.

Jioni nachemsha maji, si ya chai.
Nayatia katika chupa,
chupa naivika soksi yako ya mpira, ile ya kijani,
nailaza kati yao.
Wananung'unika, halafu kimya,
namna ulivyokuwa ukinyamaza
mama yako akikufunika.

Juzi stima ilipotea saa nane usiku.
Nikapapasa boksi, nikamgusa Kifungo:
masikio baridi kama sarafu.
Hili sitakuandikia.
Nilimtia ndani ya sweta, kifuani,
nikaketi naye gizani hadi adhana ya alfajiri,
moyo wake mbio, mbio, kama sindano
juu ya kitambaa chembamba,
wangu polepole, wa fundi aliyechoka
anayeshona kwa mkono.

Jumapili ukapiga simu ya mwalimu.
Dakika mbili tu. "Hawajambo?"
Hawajambo, nikasema, wamenenepa,
majani ya mahindi nachukua kwa Nduta, ya shilingi kumi.
Habari za sweta nikazimeza.
"Na wewe, una mablanketi mangapi?"
"Moja, Baba. Lakini zito."

Uwongo wako naujua. Una sauti ya mama yako.

Leo sijapokea kazi ya mtu.
Nimefungua cherehani kabla ya chai,
Pindo na Kifungo wananitazama.
Nashona la pili.