Somo la Kwanza, Bombo

Walikuja watatu, mafundi wa visima,
kila mmoja na daftari jipya na kiti cha plastiki.
Nikawakaribisha: kumbe nyinyi Wahispania!
Kimya kikapita katikati yetu kama paka.

Eneko akakuna ndevu. "Mimi Mbaski.
Lugha yetu haina ndugu duniani."
Uxía akasema kwao Galisia mvua ni jamaa wa nyumbani,
na arusini hulia zumari la ngozi ya mbuzi.
Rocío, wa kusini, bibi yake Mgitano,
alicheka tu, akahesabu bangili zake.

Nilitaka kuuliza: basi Mhispania ni yupi?
Nikajizuia. Swali hilo nayajua makali yake.
Mimi Mnubi. Babu wa babu yangu alifika hapa
na bunduki ya watu wengine, wakamwacha nayo,
na hadi leo karani huinua kalamu:
"Kabila?" Namjibu.
"Hapana, mzee. Kabila la kweli."

Nikaandika ubaoni: meza.
"Mesa!" wakaitika, Eneko naye,
kwa lugha ambayo baba yake aliingizwa kwa rula.
Bendera. "Bandera," wakasema polepole,
kila mmoja akiona rangi zake.
Sukari. "Azúcar!" Rocío akaruka.
"Waarabu walikaa kwetu karne nane kasoro,
wakafukuzwa, sukari ikabaki jikoni."
Akachungulia wingu: ojalá isinyeshe.
Shangazi Zamzam, anayesuka kikapu mlangoni,
akainua kichwa:
"Huyu si kamtaja Mungu?"

Gereza, nikaandika.
Nikawaeleza: Wareno walilileta pwani, maana yake kanisa.
"Igrexa!" Uxía akashika shavu.
"Lakini sisi humo tunafungia ndoa."
"Na sisi tunafungia watu," nikasema.
Shangazi, bila kuacha ukindu:
"Tofauti iko wapi?"

Tulicheka hadi kambini tarumbeta ikalia.

Eneko peke yake hakuwa na neno lake ubaoni.
Jua lilikuwa limemchoma shingo.
Akaitazama ndoo kizingitini, akasema, kama anayejaribu ufunguo,
"Ur."
Nilitafuta Kiswahilini, nikatafuta Kinubi, Kiganda,
Kiarabu cha chuoni. Hakuna.
Shangazi akaliviringisha mdomoni mara mbili,
ur, ur,
akaweka kikapu chini,
akachota kikombe kimoja, akampa.