Ndege ya Saa Kumi na Mbili

Ndege kutoka Bukoba ilitua jua limeshazama,
ya kwenda Dodoma itaondoka saa kumi na mbili alfajiri.
Hapo katikati nimepewa usiku mzima,
kama chenji usiyoitarajia
na hujui uitie mfuko gani.

Dereva anaitwa Nkwabi. Alishashika begi langu
kabla sijasema ninakwenda wapi.
"Mama, hapa Ilemela ipo gesti, dakika tano kwa mguu,
chai wanaanza kutoa saa kumi usiku.
Lakini anayelala uwanja wa ndege hajalala Mwanza.
Mjini kuna hoteli yenye dirisha la ziwa,
mawe yamekaa majini kama watu wanaooga,
sato anatoka jikoni bado ana hasira."

Nikapiga hesabu. Ndiyo kazi yangu,
nakagua vitabu vya vyama vya kahawa.
Gesti: elfu thelathini na tano, usingizi wa saa saba.
Mjini: elfu tisini, teksi kwenda, teksi kurudi,
kuamka saa tisa, kumwamsha mlinzi wa geti.
Safu mbili, mstari chini, jumla.
Hata mtoto angeona jibu.
Nikaingia garini nikasema: mjini.

Kwa sababu ipo safu ya tatu, sikuiandika.
Upande wa Bugando, kwenye nyumba iliyobebwa na jiwe,
anaishi Kabula binti Limbu,
niliyekaa naye chumba kimoja chuoni,
tukikata sabuni ya mche kwa uzi,
nusu yake, nusu yangu,
na ambaye mumewe sikwenda kumzika.
Nilituma rambirambi kwa simu. Elfu hamsini.
Muamala ukakamilika.
Miaka tisa.

Ukilala uwanja wa ndege una udhuru:
nilikuwa njiani, sikufika.
Ukilala mjini umefika,
na aliyefika hubisha hodi.

Pasiansi, wadudu wa ziwani walizizunguka taa
kama moshi ulioamua kutokwenda popote.
Nkwabi akapandisha vioo, akauliza
kama nina mwenyeji mjini.
Nikasema, "Geuza."
Hakushangaa. "Bei ni ileile, mama, kwenda na kurudi,"
na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe
nililipa bila kudai risiti.

Chumba namba nne. Maua ya plastiki
yaliyopanguswa vumbi na mtu anayejali.
Minza wa mapokezi alinijaza kitabuni:
Utokako, Bukoba. Uendako, Dodoma.
Hakuna safu ya Ulipo.

Usiku nikasikia kitu kinavuta pumzi nyuma ya ukuta.
Nilidhani jenereta. Nikatoka na kandambili.
Nyuma ya jiko, baada ya matete,
ziwa lilikuwepo, palepale, halina dirisha wala bei,
linalamba mawe madogo.
Mwezi haukuwepo. Karabai za wavua dagaa
zilijipanga mbali, mji mwingine
ambao nao sikwenda.
Na mimi nilidhani ziwa ni la mjini.
Maji haya haya yapo chini ya mlango wa Kabula.
Niliyatazama mpaka miguu ikaingia baridi,
kisha nikarudi kulala, na sikulala,
zile saa saba zote nilizozinunua.

Saa kumi na moja na dakika hamsini, mkanda umefungwa,
nikaandika: Kabula, nilipita Mwanza.
Nikasoma. Magurudumu bado yalikuwa juu ya Mwanza.
Nikafuta "nilipita", nikaweka "napita".
Nikafuta na hiyo.
Mhudumu alikuwa safu ya pili, anasema tuzime simu.
Nikafuta Mwanza.
Likabaki jina, na mkato wake.
Nikatuma.