Milimita Kumi na Tisa

Mkunazi aliuchuma mwenyewe, ukutani kwa jirani,
huku akimpigia kelele kwa Kiarabu: "Nakuibia!"
Mwarobaini, ambao hapa Nizwa wanauita sherishi,
aliukata kwa mkasi wa kucha.
Akayatia majani katika mfuko uliowahi kubeba mchele,
akaniambia kwa Kipemba chake kisichochuja:
"Wewe si una mashine huko kazini? Kayaulize."

Nikayauliza.
Nikayaanika kivulini siku tisa,
nikasaga, nikaroweka katika spiriti,
nikachuja hadi ikabaki rojo
nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa mekoni.
Kisha nikawatandaza vijidudu sahanini,
wale wale waliotoka kidondani mwake,
mguu wa kushoto, kidole cha pili,
wale waliozicheka dawa tatu za hospitali.

Mkunazi peke yake: milimita tisa.
Mwarobaini peke yake: kumi na moja.
Hina, niliyoiongeza kwa pupa yangu,
iliingia kati kama wifi mchokozi,
duara likanywea.
Lakini wale wawili, nusu kwa nusu,
asubuhi ya Jumatatu, nilipofungua kabati la joto:
uwanja mtupu, hapakuota kitu.
Kumi na tisa.
Nikapima mara tatu.
Nikamwita Mundhir wa chumba cha pili, naye akapima,
akasema kumi na tisa,
akaniuliza kama nimekula.

Mtu wa hesabu atasema:
tisa na kumi na moja ni ishirini, umekula hasara.
Mtu huyo hajui maduara.
Uwanja hukua kwa mraba;
zidisha tisa kwa tisa, na wenzake vivyo hivyo,
halafu uje tuzungumze.

Nikampigia Shangazi Shinuna wodini.
"Kwa hiyo nilisema kweli?"
"Ndani ya kioo, ndiyo, shangazi. Kioo si mguu.
Bado hatujui kama rojo hii
inaua vijidudu tu, au na nyama."
"Na kidole changu?"

Kidole kilikatwa Alhamisi.
Nilikuwa bado nachuja.

Akanyamaza. Nikasikia anatafuna.
"Kunazi," akasema. "Jirani kaniletea bakuli zima,
mwizi nimekuwa mgeni.
Njoo uchume majani mengine.
Na safari hii
lete mkasi wako."