Fundo la Kumi na Moja

Siku ya tatu niko hapa, mgongoni tani ishirini na nane
za unga mweupe usioliwa,
mbele yangu mawe saba na blanketi jekundu
lililoandikwa kwa chokaa: MAJI.

Sijabishana nao. Mimi ni Nolberto, dereva, mtu wa Salta,
nalipwa kwa safari, si kwa maoni.
Ila lori lililosimama nalo lina njaa yake,
na mke wangu hupiga simu kila jioni kuuliza
bandari imehamia wapi.

Huku juu, mita elfu nne, pumzi ni ya kukopa.
Baridi ya usiku huingia hadi kwenye meno.
Mama mmoja, Primitiva Colque, huniletea supu ya mahindi:
aliyenizuia ndiye anayenilisha.
Leo nikamuuliza, bakuli mkononi, hasa mnataka nini?

Mgeni siku mbili, ya tatu jembe.
Hapa hakuna cha kulima. Akanipa kamba.

Kamba ya singa za lama, ina mafundo.
Tukaishusha kisimani polepole, kama tunalaza mtoto.
"Mwaka aliozaliwa Wilmer wangu," akasema,
"fundo la nne lilirudi limelowa."
Tukavuta.
La nne kavu. La saba kavu. La kumi nikaligusa mwenyewe,
kavu kama ulimi wangu.
La kumi na moja lilikuwa na unyevu
wa kulowesha kidole, si wa kunawa.

Huyo Wilmer kazi yake iko kule bondeni, kwenye mabwawa,
ambako maji ya chumvi hulazwa juani mwaka na zaidi
yafe taratibu, yaache walichokijia.
Mahindi ya supu ni mshahara wake.
Usiku huja na koti la kampuni mwilini,
akaketi na mama yake juu ya mawe,
wakanyamaza pamoja.

Jioni bosi akapiga, sauti yake ina kicheko.
Kaa tu, Nolberto, haraka ya nini?
Ng'ambo huko mtu wa tarakimu ameandika
kwamba ugavi umeingia hatarini,
na magari ya umeme hayasubiri.
Bei inapanda tangu asubuhi.
Unga ulio mgongoni mwangu
umenenepa bila kula.

Nikayatazama yale mawe.
Yamebebwa kwa mikono; mbebaji mmoja ana ngiri.
Kumbe walikuwa wakimpakulia
yule yule waliyemfungia njia.

Sikumwambia Primitiva. Pengine alijua.
Simu ilikuwa imebakiza asilimia nne;
akaichukua, akaipeleka shuleni,
kwenye waya wa sola unaogombewa na kijiji kizima.
"Itajaa kesho," akasema. "Ukiwahi kuamka
uje unisaidie. Kamba imekuwa fupi."

Nikamwambia mafundo nayajua.
Ndiyo yanayoshika turubai
juu ya mzigo.