Kumi na Nne

Nimefunga baiskeli kwenye nguzo ya lango.
Kiingilio leo hakuna, lakini mkono
umeshazoea, ukatoa mia tano.
Mlinzi akairudisha: "Mama, umealikwa arusini?"
Maana viti vimevikwa vitambaa
na spika zimefungwa juu ya mkungu.
Nikamwambia, nimekuja kustaafisha namba.

Hapa Tanga ukisema unapenda magongo
watu wanakunusa pumzi kwanza.
Miaka kumi na tisa nimenuswa.
Marehemu mume wangu alinuna Jumamosi nyingi,
hadi siku nilipomvuta akamwone Mwanakombo Shekulavu
amesimama nyuma kabisa, mguu wa kushoto mbele,
gongo limelala nyasini
kama mtu anayesikiliza ardhi.
Tangu siku hiyo aliuliza tu: "Mechi saa ngapi?"

Mabeki hawabebwi mabegani.
Afungaye hubebwa.
Azuiaye huulizwa lile moja lililompita.

Mimi nalikumbuka lile alilolizuia.
Kona fupi, wageni kutoka Moshi,
mpira ukatua kwenye muundi wake
kwa mlio wa nazi juu ya bati.
Alikuja akichechemea hadi kwenye kamba,
akanyoosha mkono bila kutazama ni nani,
nami nikavua mtandio wangu, ule wa zambarau.
Akaufunga, akarudi, akamaliza mechi.
Mtandio haukurudi. Sikuudai.
Nimeusimulia kuliko nilivyousimulia uzazi wangu.

Sasa mshereheshaji anasema: jezi hii inastaafu,
hataivaa mwingine.
Nikajiuliza kiinua mgongo chake kinalipwa dirisha gani,
na nani aliyeweka akiba kwa ajili ya magoti yale.

Wakaileta, imelala ndani ya kioo,
kijani cha Mkonge kimepauka kama mlenda wa jana.
Sekiboko akapanda ngazi na nyundo.
Ukuta wa klabu ni wa matumbawe, wa zamani, hauna adabu:
msumari wa kwanza ukapinda,
wa pili ukaruka ukamwangukia katibu kwenye soda.
Watu wakaanza kukohoa.

Ndipo Mwanakombo alipovua viatu vya visigino,
akapanda mwenyewe, gauni na yote,
akaomba gongo lake.
Akaligeuza kisogo.
Pigo moja.
Tulisikia ukuta ukikubali.

Nilipiga kelele kama niliyeumwa na nge.
Mzima mimi, mwenye wajukuu watatu,
nikasimama juu ya kiti chenye kitambaa.

Kisha akashukuru. Akamshukuru kocha,
akawashukuru wenye kiwanda cha chokaa,
daktari wa Bombo aliyemshona kidevu, mama yake,
wachezaji wenzake mmoja mmoja kwa majina ya utani.
Nilikaa sawa. Nilitengeneza ushungi.
Mtandio hakuutaja.
Nikaona haya, halafu nikacheka peke yangu:
alinyoosha mkono bila kutazama,
sasa angemtaja nani?

Pembeni yangu kulikuwa na binti wa miaka tisa hivi,
kaptura ya kaka yake, fulana nyeupe,
mgongoni kumi na nne kwa kalamu ya wino mzito,
ile nne imeegemea moja kama imechoka.
Akanivuta mkono: "Bibi, ndiyo nivue?"
Nikatazama jukwaani. Nikatazama ukutani,
kioo kimekaa upande kidogo.
"Wamesema wachezaji wa Mkonge," nikamwambia.
"Wewe bado hujasajiliwa."
Akafikiri. Akaivuta chini ikae vizuri.

Nimerudi kwa baiskeli taratibu,
nikiwapita wauza mihogo na redio zao,
nikihesabu Ngamiani kwa barabara zake:
kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu,
nikakunja kushoto kwangu, Barabara ya Kumi na Nne,
ambayo haijastaafu.
Mashimo yake yote yako kazini.